Chora Mchangani: Namba Zenye Undugu na Namba Zisizogusana

Ukishuka Kinondo, kusini mwa Diani, kuna kitu kimoja ambacho hakuna atakayekutoza hata shilingi kukitumia: mchanga. Mweupe, laini, na maji yakitoka unabaki umelainika kama ubao uliofutwa. Leo nakuomba uutumie kama ubao kweli. Kama uko Ukunda, Likoni au Nairobi na bahari iko mbali, chukua karatasi na kalamu. Simu iweke kando kidogo, bando lako litakungoja.

Najua neno "hesabu" linawafanya wengi wetu tutafute mlango. Shule ilitufundisha kwamba hesabu ni ya wachache, na sisi wengine kazi yetu ni kupita tu mtihani, tukishindwa tunyamaze. Mimi chuo niliachia njiani karo ilipogoma, kwa hiyo usitarajie mhadhara. Ninachotaka kukuonyesha kinahitaji uwe unajua kujumlisha, kugawanya na kuvumilia. Hayo matatu unayo, kwa sababu kila siku unahesabu chenji ya matatu na hakuna makanga anayekudanganya.

Tutacheza na mifuatano ya namba. Mfuatano ni msururu tu wa namba nzima unaojengwa kwa sheria moja. Sheria ikiwa fupi sana, ndipo vituko vinapoanza.

Sheria ya kwanza: lazima muwe ndugu

Kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila kubakisha kitu. Vigawo vya 6 ni 1, 2, 3 na 6. Vya 9 ni 1, 3 na 9. Kwa hiyo 6 na 9 wana kigawo cha shirika, yaani 3. Hao tuwaite ndugu. Ile 1 hatuihesabu, maana inaigawa kila namba. Ukimhesabu kila mtu kuwa ndugu yako basi neno undugu halina maana tena.

Sasa sheria ni hii. Andika 1, kisha 2. Kuanzia hapo, kila mara chagua namba ndogo kabisa ambayo bado hujaitumia, mradi iwe ndugu wa ile uliyoandika mwisho.

Baada ya 2, je 3 inaingia? Hapana, hawana undugu. 4 ndiyo. Baada ya 4, ruka 3, ruka 5, chukua 6. Baada ya 6, hatimaye 3 anapata nafasi yake. Baada ya 3 inakuja 9, kwa sababu 6 tumeshaitumia. Endelea hivyo na utapata:

1, 2, 4, 6, 3, 9, 12, 8, 10, 5, 15, 18, 14, 7, 21, 24, 16, 20, 22, 11, 33, 27, 30, 25, 35, 28, 26, 13, 39...

Usiniamini, fanya mwenyewe. Ukishafanya, tazama zile namba tasa, yaani namba zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 3, 5, 7, 11, 13. Ona majirani zao. Kabla ya 5 kuna 10, baada yake 15. Kabla ya 7 kuna 14, baada yake 21. 22, 11, 33. 26, 13, 39. Kila namba tasa kuanzia 3 inatanguliwa na mara mbili yake na kufuatwa na mara tatu yake. Namba tasa haina ndugu wengi, kwa hiyo inasubiri mpaka mmoja wa ukoo wake afike mlangoni amshike mkono aingie naye.

Ukichora namba hizi kwenye grafu na kuziunganisha kwa mstari, mstari unashuka ghafla na kupanda ghafla kila namba tasa inapopita, kama ile karatasi ya mapigo ya moyo hospitalini. Ndiyo maana mfuatano huu unaitwa EKG. Aliyeubuni ni Jonathan Ayres, mwaka 2001. Mwaka uliofuata, Jeffrey Lagarias, Eric Rains na Neil Sloane walithibitisha kwamba kila namba nzima, hata iwe kubwa kiasi gani, itajitokeza humo na itajitokeza mara moja tu. Lakini lile jambo la mara mbili na mara tatu, ambalo wewe umeliona kwa macho yako hapo mchangani, wao waliliona pia na hawakuweza kulithibitisha. Lilisubiri hadi mwaka 2008, Wapoland wawili, Piotr Hofman na Marcin Pilipczuk, walipolimaliza.

Fikiria hilo kidogo. Kitu ambacho mtoto wa darasa la sita anaweza kukiona kwa dakika kumi kiliwachukua wataalamu miaka kukithibitisha.

Undugu wa siku

Kama unadhani vigawo vya shirika ni mambo ya huko mbali, rudi nyumbani. Kaya Kinondo, ule msitu mtakatifu wa Wadigo ambao mgeni huingia amejifunga kaniki nyeusi na hatoki hata na jani, ni miongoni mwa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Wamijikenda wa zamani walikuwa na juma lao la siku nne. Jumwa ni mojawapo ya siku hizo, na jina hilo bado linatembea pwani kwa sababu wasichana wanaitwa hivyo.

Kisha likaja juma la siku saba, la Ijumaa na Jumapili. Majuma mawili yakawa yanazunguka pamoja kama gurudumu dogo na gurudumu kubwa. Swali: Jumwa itaangukia Ijumaa baada ya muda gani? 4 na 7 hazina undugu wowote, kwa hiyo ni lazima zizunguke 4 mara 7, siku 28, ndipo zikutane tena pale pale. Na ndani ya siku hizo 28, kila siku ya juma la kwanza itakuwa imekutana na kila siku ya juma la pili mara moja kamili. Hakuna aliyenyimwa.

Sasa jaribu kubadilisha. Tuseme juma la pili lingekuwa la siku sita. 4 na 6 ni ndugu, wana 2. Magurudumu yangekutana tena baada ya siku 12 tu, na kati ya michanganyiko 24 inayowezekana, nusu isingetokea kamwe. Kungekuwa na siku za soko ambazo hazingekutana na siku ya mapumziko maisha yote. Undugu huleta mkutano wa haraka, lakini unawafungia wengine nje. Chora ukaone.

Sheria ya pili: jiwe moja, mtu mmoja

Tuhamie kwenye sifuri na moja. Usiogope, tutatumia mizani.

Chukulia wauza samaki wawili wamekaa bega kwa bega, na kati yao wana seti moja tu ya mawe ya kupimia: kilo 1, kilo 2, kilo 4, kilo 8, kilo 16 na kuendelea, kila jiwe moja moja. Kwa mawe ya 1, 2, 4 na 8 unaweza kupima uzito wowote kuanzia kilo 1 hadi 15, na kila uzito una njia moja tu ya kupimwa. Kilo 6 ni jiwe la 4 na la 2. Kilo 9 ni jiwe la 8 na la 1.

Sasa andika 1 palipo na jiwe na 0 pasipo na jiwe, kuanzia la 8 kushuka. 6 inakuwa 0110. 9 inakuwa 1001. Basi, umeshajua kuandika namba kama kompyuta. Kila nafasi moja inaitwa biti, na simu yako haina ujanja mwingine zaidi ya huo: jiwe lipo, jiwe halipo. Na kumbe kenda, ile ya Mijikenda, miji tisa, ni 1001. Bao la Kiswahili nalo lina mashimo 32 na kete 64. Kwa mizani yetu kila moja ni jiwe moja zima.

Swali linakuja: wauzaji wetu wawili wanaweza kupima kwa wakati mmoja lini? Pale tu ambapo hawagombanii jiwe. Kilo 6 na kilo 9 zinapimika pamoja. Kilo 6 na kilo 3 hazipimiki, kwa sababu wote wanalitaka jiwe la 2.

Haya, jenga mfuatano. Anza na 1. Kila mara chukua namba ndogo kabisa ambayo haijatumika na ambayo haina jiwe hata moja la pamoja na iliyotangulia. Unapata:

1, 2, 4, 3, 8, 5, 10, 16, 6, 9, 18, 12...

Tazama 3 na 8. Baada ya 3, ambayo imeshika mawe ya 1 na 2, namba 5 haiwezi, 6 haiwezi, 7 haiwezi. Inabidi jiwe jipya la 8 litolewe ghalani. Kila wauzaji wanapobanana, jiwe kubwa zaidi linaingia na kufungua nafasi. Hapo kwenye EKG tulitaka undugu. Hapa tunataka watu wasiogusana kabisa. Sheria mbili zenye tabia tofauti, na zote zimejengwa kwa namba zilezile za kawaida.

Mawe haya pwani si mageni

Wengi tunaambiwa sifuri na moja ni kitu cha Wazungu kilichokuja na kompyuta. Gottfried Leibniz, Mjerumani, alichapisha maandishi yake maarufu juu ya hesabu ya 0 na 1 mwaka 1703, naye mwenyewe aliihusisha na michoro ya kale ya Uchina. Lakini ramli unaijua. Au angalau umesikia bibi akinong'ona kwamba fulani amekwenda kupigiwa ramli.

Sikwambii ukapige ramli. Masheikh wengi wanaikataza, wachungaji pia, na mimi siamini kwamba mchanga unajua nani ameiba kuku. Lakini tazama hesabu iliyomo ndani yake, kwa sababu hiyo haibishaniwi.

Mpiga ramli anapiga vistari mchangani bila kuhesabu, mistari minne. Kisha anavifuta viwili viwili. Kila mstari unabaki na kimoja au viwili. Tuseme ulipiga 11, 14, 9 na 12: utabaki na 1, 2, 1, 2. Hilo ni umbo moja. Kwa kuwa kila mstari una njia mbili na mistari ni minne, maumbo yote ni 2 mara 2 mara 2 mara 2, yaani 16. Witiri iandike 1, shufwa iandike 0, na umbo letu linakuwa 1010. Hayo ni mawe ya 8 na 2. Ni 10.

Maumbo mawili yanaunganishwa mstari kwa mstari: ukipata jumla ya witiri unaweka kimoja, ya shufwa unaweka viwili. Unganisha 1010 na 1100, utapata 0110. Kwa mawe ni hivi: 10 ina 8 na 2, 12 ina 8 na 4. Jiwe la 8 ni la wote, linafutika. Yanabaki 2 na 4, ambayo ni 6. Mfuatano wetu wa wauza samaki unakataza jiwe la pamoja. Ramli inaliruhusu, kisha inalifuta. Ndani ya simu yako kitendo hichohicho kinafanyika mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu kwa sekunde.

Kuna zaidi. Ramli inaanza na maumbo manne yanayoitwa mama. Mabinti wanne hutokana nao: vichwa vya mama wote wanne vinaunda binti wa kwanza, mistari yao ya pili inaunda binti wa pili, hivyo hivyo hadi wa nne. Sasa kuna maumbo 8. Yanaunganishwa mawili mawili yanazaa 4, hayo 4 yanazaa 2, hayo 2 yanazaa 1. Jumla ni 8 na 4 na 2 na 1, maumbo 15. Mawe yetu ya mizani yamerudi!

Umbo la 15, ambalo Wazungu walilibatiza jina la hakimu baada ya elimu hii kutafsiriwa kutoka Kiarabu kwenda Kilatini karne ya 12, lina siri. Idadi ya nukta zake daima ni shufwa. Kwa nini? Kila nukta ya mama inarudi tena kwa binti, kwa hiyo kila kitu kimehesabiwa mara mbili. Hakimu akitokea na nukta za witiri, jua mpigaji amekosea mahali, na arudie. Kompyuta zinazotumiana data hutumia ujanja huohuo: huongeza biti moja ili jumla iwe shufwa, na ikifika upande wa pili ikiwa witiri, inajulikana kuna kitu kimeharibika njiani.

Aliyekuwa akifuta vistari mchangani alikuwa na njia ya kujikagua karne nyingi kabla ya kompyuta ya kwanza. Na huyo hakuwa na cheti.

Sheria zote mbili kwa mpigo

Sasa tuzioe. Namba inayofuata iwe ndugu wa iliyotangulia kwa kigawo, lakini wasigombanie jiwe hata moja. Ndugu wasiogusana, kama zile familia ambazo wanapendana lakini kila mtu ana sufuria yake. Anza na 2:

2, 4, 8, 6, 9, 18, 12, 3, 24, 32, 10, 5, 40...

Kagua moja: 6 ni 0110, 9 ni 1001, hawagusani, na wote wanagawika kwa 3. Safi.

Je, tunaweza kukwama, tufike mahali hakuna namba inayofaa? Hapa unaweza kuthibitisha mwenyewe bila kitabu. Chukua namba yoyote, iongeze mara mbili, tena mara mbili, tena na tena. Kila ukizidisha kwa 2, mawe yake yote yanahama nafasi moja kwenda kwa wakubwa. Ukiyahamisha vya kutosha, hayagusi tena mawe ya mwanzo, na undugu umebaki palepale kwa sababu ni kigawe chake. Hizo zipo bila mwisho, kwa hiyo daima kuna moja ambayo haijatumika. Hatukwami kamwe. Hongera, huo ni uthibitisho kamili wa hesabu, na umeuelewa ukiwa umesimama.

Mfikirie pia 7. Kwa mawe ni 0111: ameshika 1, 2 na 4 yote. Ndugu zake ni vigawe vya 7 peke yake, na jirani yake hatakiwi kugusa mawe hayo matatu, maana yake lazima agawike kwa 8. Basi kando ya 7 anaweza kukaa tu kigawe cha 56: 56 mwenyewe, 112, 168 na kuendelea. Namba ndogo, masharti makubwa. Sote tunamjua mtu wa aina hiyo.

Haya yanakuhusu nini?

Yule Neil Sloane wa EKG, mzaliwa wa Wales wa mwaka 1939, alianza kukusanya mifuatano mwaka 1964 akiwa mwanafunzi. Mwaka 1973 alitoa kitabu chenye mifuatano 2,372. Mwaka 1996 akaiweka kwenye intaneti, na leo ile ensaiklopidia, OEIS, ina zaidi ya 350,000. Ni bure kuisoma. Unaandika namba tano sita ulizozipata, inakwambia kama kuna aliyewahi kuziona na zinafahamika kwa lipi. Ukiwa na mfuatano mpya wenye maana, unajisajili na kuupeleka, na wahariri wa kujitolea wanaukagua. Wanachokagua ni namba na sheria yake. Alama zako za KCSE hazihusiki.

Na usidhani hili ni la wasomi tu. Marjorie Rice wa San Diego alikuwa mama wa nyumbani aliyeishia sekondari, na miaka ya 1970 aligundua aina nne mpya za pembetano zinazoweza kuziba sakafu nzima bila kuacha pengo. Alichorea jikoni.

Hapa Kinondo na Msambweni nzima tumezoea kugawiwa majukumu: wewe utaongoza wageni, wewe utauza vinyago, wewe utaendesha bodaboda. Kazi ni kazi, na mimi sidharau inayoleta mkate. Ninachokataa ni ile imani kwamba tukishaacha darasa, basi na kufikiri kumeisha, na kwamba mawazo mazito yanatua kwa ndege na kuondoka kwa ndege. Wazee wetu walizungusha juma la siku nne ndani ya juma la siku saba na hawakupotea. Babu wanacheza bao lenye kete 64 wakihesabu mbele mizunguko ambayo wewe na mimi tungehitaji kalamu.

Kwa hiyo fanya hivi wikendi hii. Tunga sheria yako, fupi, isizidi sentensi mbili. Inaweza kuwa ya undugu, ya mawe, au ya vyote. Andika namba 20 za kwanza kwa mkono, zikague mara mbili kama hakimu wa ramli, kisha ndipo ufungue simu na uzitafute kwenye ile ensaiklopidia. Ukizikuta, utamjua mwenzako aliyewaza kama wewe upande mwingine wa dunia. Usipozikuta, usifute mchanga kwanza. Piga picha.